Kabla ya kuandika utabiri, andika swali

Katika miaka ambayo nimekuwa nikiandika hadithi fupi na kusoma miswada ya waandishi wenzangu hapa Dar es Salaam, nimeona utabiri ukitumiwa mara nyingi na ukifanikiwa mara chache. Mhusika huenda kwa mpiga ramli, huambiwa maneno ya mafumbo, na kurasa zinazobaki huwa za kusubiri fumbo lifumbuke. Mwandishi huwa amelitolea jasho jibu, huku swali likibaki kuwa "Niambie yatakayonipata." Ushauri wangu ni kuanzia upande wa pili: andika kwanza swali, kwa maneno ya mhusika mwenyewe, kisha chunguza ni jambo gani ambalo hakuona haja ya kuliuliza.

Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anasimulia kwamba Croesus, mfalme tajiri wa Lydia (katika Uturuki ya leo) wa karne ya 6 kabla ya Kristo, alituma watu Delphi, mahali pa kuagulia huko Ugiriki, waulize kama apigane na Waajemi, akajibiwa kwamba akifanya hivyo ataangusha dola kubwa. Alipigana, na dola iliyoanguka ikawa yake. Alipolalamika, aliambiwa kwamba ilimpasa aulize tena ni dola ipi. Jibu halikuwa na uongo wowote. Mtu mwenye utajiri kama ule hakuwa na mahali moyoni pa kuweka wazo kwamba dola ya kuanguka ingeweza kuwa ya kwake.

Swali sahihi nalo lina hatari zake, na hapo fasihi yetu ina mfano ninaoupenda zaidi. Katika utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, kijana wa Liyongo, akiwa amerubuniwa na mfalme wa Pate, anamwuliza baba yake ni kitu gani kinachoweza kumuua. Si utabiri kwa maana kamili, lakini swali hilo linafanya kazi ileile, kwa kuwa hakuna swali jingine ambalo lingefungua siri ya shaba inayochomwa kitovuni. Liyongo anatambua kwamba mwanawe ametumwa, na bado anamjibu. Swali limemfichua mwulizaji kabla jibu halijamfichua baba, na ndiyo maana ninapotunga mandhari ya namna hii hujiuliza ni nani aliyemtuma mhusika na ameahidiwa nini.

Chukua mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye mzigo wake umekwama bandarini. Akiuliza, "Mzigo wangu utatoka lini?" amekwisha kuamua kwamba utatoka, na kwamba utatoka ukiwa wake. Mpiga ramli anaweza kumjibu kwa ukweli kabisa, "Kabla ya mwezi kuandama," na mzigo ukatoka kwa mnada. Mkewe, ambaye siku zote amemtilia shaka wakala wa forodha, angeuliza ni nani anayeuzuia, na hadithi ingekuwa nyingine. (Matangazo ya waganga yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme jijini yana ujanja wake katika jambo hili: yanakuorodheshea majibu kabla hujafungua mdomo, ili usipate nafasi ya kuuliza.)

Msomaji ni lazima asikie swali lote, neno kwa neno, mapema, na asiwepo mhusika mwerevu wa kuonyesha pengo lake. Ninapohariri, humsomea mtu asiyeijua hadithi swali na jibu peke yake, kisha humwomba anieleze alichoelewa. Akikisia mwisho papo hapo, pengo liko wazi mno. Akikosa, nami nikamweleza mwisho, halafu akasema mpiga ramli amedanganya, ninarudi kwenye swali na kulitunga upya, huku jibu nikiliacha kama lilivyo.