Daktari ukitangulia kufa, timu haina chake

Mkuu, umesema ukicheza daktari kwenye Team Fortress 2, ule mchezo wa kompyuta wa timu mbili kupigana kwa risasi, unakufa wa kwanza kila pambano, halafu wenzako wanakulaumu. Nadhani tatizo ni macho: unamkodolea unayemponya tu. Bunduki ya tiba ikishamshika, haikulazimu kuendelea kumtazama. Geuka, chungulia nyuma kila baada ya sekunde chache, maana Spy, jasusi wa adui anayechoma kisu mgongoni, anautamani mgongo wako kuliko wa mtu mwingine yeyote. Na simama kwenye kona, pale unapomwona mwenzako lakini adui hakuoni.

Usimng'ang'anie mtu mmoja, hasa yule jamaa wa Heavy (lile jitu lenye bunduki kubwa) anayepiga kelele "daktari!" na damu yake imejaa. Zunguka, mjaze kila mmoja mpaka 150% ya damu yake ya kawaida, kisha rudi kwa aliyeumia. Asiyepigwa kwa muda huponyeka haraka zaidi, kwa hiyo humalizi dakika kwake.

ÜberCharge, ile kinga ya kutodhurika inayojaa kadiri unavyoponya, ni sekunde 8 tu, ila usiibanie. Kufa nayo ikiwa imejaa inauma sana. Mimi imenitokea mara nyingi mno. Ukiona unazidiwa, ibonyeze, hata kama aliye karibu ni Scout, yule mkimbiaji mwenye damu kidogo.