Ndege wa baharini ni hasara ya nani? Majibu kwa wasomaji

SWALI: Shikamoo Mama. Nasoma shahada ya uzamili katika sheria ya mazingira. Tasnifu yangu inahusu fidia kwa madhara yanayoipata asili yenyewe, si mtu wala mali yake. Msimamizi wangu amekataa nisiandike hata sura moja kabla sijasoma walichoandika Wafaransa. Kifaransa nilikisoma miaka minne sekondari, kamusi ninayo, fedha za kulipia majarida sina. Nianzie wapi?

Marahaba, mwanangu. Msimamizi wako amekuelekeza vizuri. Ila nakuomba usianze na vitabu vinene vya nadharia, vitakukatisha tamaa kabla hujafika popote. Anza na meli moja.

Meli hiyo inaitwa Erika. Tarehe 12 Desemba 1999 ilikatika vipande viwili katika dhoruba, nje ya pwani ya Bretagne, magharibi ya Ufaransa, ikiwa na shehena ya tani 31,000 hivi za mafuta mazito. Takriban kilomita 400 za pwani zilichafuka. Watu walishuka ufukweni na makoleo na ndoo, na ndege wa baharini walikufa kwa makumi ya maelfu, manyoya yamegandana kwa mafuta. Sasa fikiria upande wa fidia. Mvuvi ana hasara anayoweza kuihesabu. Mwenye hoteli vilevile. Halmashauri iliyolipa vibarua wa kusafisha ina risiti zake mkononi. Lakini yule ndege aliyeoza mchangani ni hasara ya nani? Hana mwenyewe, hana bei sokoni, na sheria ya madai tangu zamani humuuliza mdai: wewe umepungukiwa nini? Swali hilo liliwakalisha meza moja wanasheria, wanabiolojia, wachumi na wanasosholojia, na kwangu mimi ndilo lililozaa maandishi mazuri kuliko yote niliyosoma kwa Kifaransa katika uwanja huu.

Ifuate kesi hatua kwa hatua. Hukumu ya kwanza ilitolewa Paris mwaka 2008, rufani ikaamuliwa 2010, kisha tarehe 25 Septemba 2012 Cour de cassation, mahakama ya juu kabisa kwa kesi za madai na jinai, ikakubali kuwepo kwa kile Wafaransa wanachokiita préjudice écologique, yaani madhara ya kiikolojia. Mahakama ilikieleza kuwa ni madhara yanayoyapata mazingira, moja kwa moja au kwa kupitia kingine, kutokana na kosa lililotendwa. Miaka minne baadaye, kwa sheria ya tarehe 8 Agosti 2016, Bunge likaliingiza jambo hilo ndani ya Code civil, kitabu kikuu cha sheria za madai, kuanzia kifungu cha 1246 hadi 1252.

Hapo ndipo ukae. Vifungu hivyo ni vifupi, unaweza kuvinakili vyote kwa mkono jioni moja. Cha 1246 kinasema tu kwamba yeyote mwenye kuwajibika kwa madhara ya kiikolojia analazimika kuyarekebisha. Cha 1247 ndicho kilichonilaza macho. Kinasema kinachorekebishwa ni atteinte non négligeable kwa viumbe na sehemu za mfumo ikolojia, au kwa kazi zinazofanywa na mfumo huo, au kwa manufaa ambayo binadamu kwa pamoja wanayapata katika mazingira. Maneno mawili, non négligeable, nilihangaika nayo karibu wiki nzima. Ukiandika “madhara makubwa” umeongeza. Sheria haikusema makubwa. Ukiandika “madhara yoyote” umepita kiasi upande wa pili. Nilimalizia na “madhara yasiyo ya kupuuzwa”, na hadi leo naona ndiyo yanayosimama. Ukishaielewa tofauti hiyo, utaona kwamba makala nyingi za wanazuoni wa Kifaransa zinagombania maneno hayo hayo mawili: nani anapima kisichopuuzika, na kwa kipimo gani, cha mwanabiolojia au cha hakimu?

Usikiruke pia kifungu cha 1249. Kinataka urekebishaji uwe kwanza wa vitendo, yaani kurudisha uhai mahali ulipoharibiwa, na fedha zije pale tu hilo linaposhindikana. Tasnifu yako iko humo.

Kuhusu fedha, ondoa wasiwasi. Maandishi ya vifungu na hukumu yako bure kwenye Légifrance, tovuti rasmi ya sheria za Ufaransa. Upande wa majarida, kuna OpenEdition, jukwaa la majarida mtandaoni lililoanza mwaka 1999 kwa jina la Revues.org, humo utasoma VertigO, jarida la sayansi ya mazingira lililoanzishwa Montréal mwaka 2000, pamoja na Développement durable et territoires. Revue juridique de l'environnement, linalotoka tangu 1976, matoleo yake ya zamani yamepigwa picha na kuwekwa kwenye Persée, tovuti ya majarida ya zamani. Makala ikikataa kufunguka bila malipo, peleka jina la mwandishi kwenye HAL, hifadhi huria iliyofunguliwa 2001. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 7 Oktoba 2016 inampa mtafiti, ambaye angalau nusu ya gharama za utafiti wake zimelipwa na umma, haki ya kuweka wazi nakala yake iliyokubaliwa na jarida, hata kama alishampa mchapishaji haki zote. Katika sayansi za jamii muda wa kusubiri hauzidi miezi 12. Kwa hiyo makala inayouzwa leo, pengine mwakani utaikuta HAL bila kumwomba mtu.

Neno moja la tahadhari, nalisema kwa uchungu. Kazi yangu ya kwanza ya kufasiri makala ya sheria niliiharibu kwa neno moja, jurisprudence. Niliongozwa na Kiingereza nikaandika “falsafa ya sheria”, kurasa zote 22. Kwa Mfaransa, jurisprudence ni hukumu zilizokwisha kutolewa na mahakama, zile tunazozirejelea katika kesi. Nayo doctrine si itikadi wala mafundisho ya dini, bali ni maandishi ya wanazuoni wa sheria. Maneno haya mawili yako karibu kila ukurasa wa utakachosoma. Yaandike mbele ya daftari lako kabla hujaanza.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni wakili. Nimegundua kwamba katika maandishi ya Kifaransa kuhusu mazingira, mwanasosholojia anaandika juu ya mahakama na mwanasheria anaandika juu ya udongo. Kwa nini wanachanganya mambo? Mtu wa sheria anapata nini humo?

Ndugu wakili, nitakujibu kwa kisa cha chlordécone, maana bila kisa utaona nawatetea tu.

Ni kiuatilifu kilichotumika dhidi ya fukusi wa migomba katika mashamba ya Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Ufaransa katika Karibi, kuanzia 1972 hadi 1993. Marekani, kilikotengenezwa, uzalishaji ulisimama baada ya wafanyakazi wa kiwanda huko Hopewell kuugua mwaka 1975. Ufaransa ilifuta kibali 1990, lakini visiwa hivyo vikaongezewa muda kwa ruhusa maalumu. Leo zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo wana chembe za sumu hiyo katika damu.

Malalamiko yalifikishwa mahakamani mwaka 2006. Tarehe 2 Januari 2023 mahakimu wa uchunguzi wa Paris waliifunga kesi ya jinai bila kumshtaki mtu, huku wao wenyewe wakikiri kuwa ni kashfa ya afya. Ukiusoma uamuzi huo kama wakili, unaona muda wa kushtaki uliopita na ushahidi uliokuwa mgumu kupatikana. Ni hoja za sheria na zina uzito wake. Lakini hazikuambii nani alijua, lini, na karatasi ilikaa juu ya meza ya nani. Hayo yametafutwa na wanahistoria na wanasosholojia, waliorudi kwenye ripoti za watafiti wa kilimo za miaka ya 1970 na kwenye barua za wizara.

Halafu njoo kwenye udongo, uliokushangaza. Sumu hii inakaa ardhini miaka mingi mno, na mimea inayokulia chini, kama magimbi na viazi vikuu, huinyonya. Ndizi yenyewe, inayoning'inia juu, haipati kitu cha maana. Tafakari maana yake: tunda lililopakiwa melini kwenda Ulaya lilikuwa safi, na gimbi lililobaki sahanini kwa mkulima ndilo lililochafuka. Hakuna kifungu cha sheria kitakachokuonyesha mgawanyo huo wa madhara. Mtu wa udongo ndiye anayeuonyesha, na wakili anayemdai mtu fidia anauhitaji kama hewa.

Na kama bado una shaka juu ya wanasosholojia kuingia mahakamani, tafuta utafiti wa mwanasosholojia Bruno Latour kuhusu Conseil d'État, mahakama ya juu kabisa ya kesi za utawala, uliochapishwa 2002. Alikaa humo akifuata majalada yanavyopita mikononi mwa washauri, jinsi yanavyonenepa, jinsi hoja inavyobadilika sura kutoka kikao kimoja hadi kingine. Mimi sijawahi kuwa wakili, lakini baada ya kusoma kurasa hizo sikuiona tena hukumu kama kitu kilichoshuka kikiwa kizima.

SWALI: Dada, programu ya kutafsiri kwenye simu inatosha kwa kazi hii?

Kwa muhtasari wa makala, inatosha kukujulisha kama uendelee au uache. Kwa hukumu, hapana, usiiamini peke yake. Neno arrêt litakutokea kama “kusimama” au “kituo”, kumbe ni uamuzi wa mahakama ya juu. Moyen litakuwa “njia”, kumbe ni hoja ya mkata rufaa. Nimeona tafsiri inayosema “mahakama inakataa njia”, na mwanafunzi aliyeileta alikuwa ameijengea aya nzima juu ya barabara.

Fanya hivi, mdogo wangu. Fungua hukumu ya Cour de cassation, usisome kuanzia juu. Tafuta kwanza maneno PAR CES MOTIFS, yaani “kwa sababu hizi”, karibu na mwisho. Ukikuta chini yake casse et annule, uamuzi wa chini umetenguliwa. Ukikuta rejette, rufaa imetupwa. Ukishajua nani kashinda, rudi mwanzo na kamusi yako.