"Incontrovertible": ushahidi wa bosi na penzi la mchumba

SWALI: Mwalimu shikamoo. Bosi wetu katuandikia barua wafanyakazi wote, eti ana "incontrovertible evidence" kwamba kuna mtu anachota dizeli ya jenereta. Sasa ofisini kila mtu na tafsiri yake, mmoja anasema ni ushahidi wa siri, mwingine anasema ni wenye utata kwa sababu ndani anaiona controversy. Nani yuko sahihi? Na je naweza kumwandikia mchumba wangu "my incontrovertible love"?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Huyo wa utata kakaribia halafu kapotea njia. Maneno hayo kweli ni ndugu, yametoka kwenye Kilatini contra, yaani dhidi, na vertere, kugeuza, ila mwanzoni kuna "in" ya kukanusha, kwa hiyo unapata ushahidi usiopingika, ule ambao hata ulete wakili gani hana pa kuushikia. Kama bosi ana video inaonyesha sura ya mtu, dumu na mpira wa kunyonyea, sawa. Kama ana maneno ya mlinzi aliyeambiwa na mlinzi mwenzake, basi bosi kajimwambafai tu.

Neno hili zito jamani. Mwaka 2007 chama cha wanafizikia cha Marekani, American Physical Society, kilitoa tamko kwamba ushahidi wa dunia kuongezeka joto ni incontrovertible, basi zikaanza kelele, 2010 wakaongeza maelezo kwamba neno hilo ni nadra kwenye sayansi maana kazi ya sayansi ni kuhoji, na 2011 Ivar Giaever, mshindi wa Nobel ya fizikia ya 1973, akajitoa kabisa kwenye chama akililalamikia. Tamko la 2015 halinalo tena. Mimi naona mzee Giaever kulitilia shaka joto lenyewe alikosea, kuhusu neno alikuwa na hoja.

Kwenye matumizi, mara nyingi utaliona na evidence, proof au fact. Usiweke "very" mbele yake, kitu ama kinapingika ama hakipingiki. Na ni neno la barua na mahakamani zaidi, kwenye mazungumzo ya kawaida watu wanasema undeniable.

Kwa mchumba sasa, "undeniable" inapita vizuri tu. Ukimwandikia hiyo ya bosi atadhani umemletea hati ya mashtaka.