Nukta Kung'aa Si Ushahidi

Msomaji mmoja ameniandikia: ametandaza chembe zake ndogo mno za almasi kwenye kioo, akitafuta zenye kasoro inayong'aa ndani yake, amewasha leza ya kijani, na darubini imejaa nukta zinazong'aa. Anauliza kama sasa aandike ripoti kuwa ameipata. Dada yangu, subiri kwanza.

Nilipowasilisha matokeo yangu ya mwanzo, mkubwa mmoja wa fani hii alisema mbele ya watu wote, "Huo ni uchafu wa kioo tu." Hata spektra, yaani grafu ya mwanga uliopangwa kwa urefu wa mawimbi yake, hakuitazama. Iliniuma, na bado inaniuma, maana zilikuwa almasi kweli na ushahidi ulikuwa ukutani mbele yake.

Kasoro tunayoitafuta ni atomi ya naitrojeni iliyoshika nafasi ya kaboni, na jirani yake pakawa patupu. Kwenye spektra, yenye chaji hasi ina mstari kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 637, kisha mwanga wake unatandaa hadi karibu 800. Isiyo na chaji mstari wake uko 575. Katika joto la kawaida la chumba mstari huo ni kinundu kidogo ubavuni mwa mlima, kwa hiyo utafute kwa subira. Uchafu hauna kinundu hicho, tena mara nyingi hufifia haraka chini ya leza.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mawimbi ya mikro. Yapitishe karibu na chembe, upandishe masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, taratibu. Yakifika gigahezi 2.87, mwanga unapungua kidogo na grafu inafanya bonde. Juzi nimeliona bonde hilo kwenye chembe yenye kasoro moja tu, inayotoa fotoni, yaani vipunje vya mwanga, kimojakimoja, na nimejivunia bila aibu.

Usafi nao ni wa lazima. Grafiti, ile kaboni nyeusi, iliyoganda juu ya chembe humeza mwanga; ichome kwenye tanuri lenye hewa, nyuzi 450 za Selsiasi hivi. Ukizidisha sana, almasi yenyewe itaungua.

Vijana wa maabara, acheni kukimbilia nukta kali kuliko zote! Nyingi ni chembe zilizogandamana. Chukueni zile za wastani, zipimeni moja baada ya nyingine, spektra kwanza, kila mara spektra kwanza. Na msishtuke mwanga ukichukua muda mrefu kuzima baada ya mmweko wa leza kuliko nanosekunde 12 za almasi kubwa. Kwenye chembe ndogo hufika 20 na zaidi, kwa kuwa chembe yenyewe ni ndogo kuliko urefu wa wimbi inalolitoa.