Kabla hujauliza bei ya mashine, uliza kaboni zake

Mdogo wangu wa Kasulu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unafungua karakana ya useremala, fedha uliyokopa kwenye kikoba ni milioni mbili na nusu, unataka randa ya umeme, msumeno wa mviringo wa mkono, drili, grenda na ruta (ile mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao), na unatuuliza kaka zako: Makita, Bosch, DeWalt, au hizi Ingco na Total zilizojaa madukani? Mimi nipo Tabora, huu ni mwaka wa 14 naranda mninga na mkurungu, na karibu majina yote uliyoyataja yamepita mikononi mwangu. Nitakujibu kwa urefu, maana fedha ya kikoba ikipotea wanaoumia ni wengi.

Nianze na jambo ambalo mimi nililijua nimechelewa. Siku mashine imegoma na mteja amekaa kwenye benchi anasubiri kitanda chake, jina lililoandikwa ubavuni halikusaidii kitu. Utakachotafuta siku hiyo ni duka la karibu lenye kaboni zake, beringi zake na swichi yake, na fundi anayejua kuifungua. Kwa hiyo ukiingia dukani usianze na bei. Mwambie muuzaji, "Kaboni za hii mnazo? Naomba nizione." Akizileta mezani, endeleeni kuongea. Akisema zitakuja wiki ijayo, mshukuru, uende duka la pili.

Kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vyenye springi, vinavyobana ile pete ya shaba ya amecha na kupeleka umeme kwenye mota inayozunguka. Huisha kwa kusuguliwa kama msasa unavyoisha, ndivyo vilivyokusudiwa. Ukiona cheche za bluu zimegeuka kuwa nyekundu na nyingi kwenye matundu ya hewa, chomoa waya ukutani, fungua vifuniko viwili vya ubavuni kwa bisibisi bapa, zitoe uzitazame. Zikifika kwenye mstari wa kikomo badilisha zote mbili kwa pamoja. Ipo aina ya kaboni, baadhi ya za Makita na Bosch zikiwemo, yenye kipini kidogo ndani: ikichakaa hadi kikomo kile kipini kinaisukuma, umeme unakatika, mashine inanyamaza kabla shaba haijakwaruzwa. Nimeona vijana wakiuza mashine kama chuma chakavu kwa kudhani imekufa, kumbe ilikuwa inajilinda, na kaboni mpya mbili zingeirudisha kazini siku hiyohiyo.

Sasa kisa changu. Mwaka wa tatu wa kazi nilikwenda Dar kununua randa. Duka sitalitaja. Boksi liliandikwa Makita, rangi ileile, na bei ilikuwa chini kwa karibu theluthi moja ya nilikokuwa nimeuliza kwingine. Nikalipa, nikapanda basi nikiwa nimeipakata. Wiki ya kwanza niliranda misonobari, mambo mazuri. Wiki ya pili nikaweka ubao wa mninga mkavu, nikasikia harufu kama ya vanishi inayoungua, kisha moshi mwembamba ukatoka nyuma ya mshikio. Nikaipeleka Isevya, hapahapa Tabora, kwa mzee mmoja anayesuka mota. Akatandika gazeti, akaifungua taratibu, akanionyesha kimoja baada ya kingine. Beringi hazikuwa na jina wala namba. Waya wa umeme ulichapwa 0.75, yaani unene wa milimita za mraba 0.75, tena mwepesi kama wa redio. Kaboni hazikuwa na maandishi yoyote, wakati za Makita huwa na herufi CB na namba. Na namba ya aina kwenye boksi haikulingana na ile ya kwenye kibati cha mashine. Yule mzee akaniambia, "Mwanangu, hii haijawahi kuiona Japani hata kwa picha." Kampuni ya watu haikuwa na kosa, jina lake liliibwa, na mimi nililipa. Iliniuma, maana ile ilikuwa faida ya makabati matatu.

Tangu siku ile, kabla ya kulipa nafungua boksi hapohapo dukani. Nalinganisha namba ya boksi, ya kibati na ya kitabu. Natoa kaboni moja niisome. Naizungusha bila mzigo dakika mbili, nikitega sikio nisikie kama gia zinasaga. Nadai risiti yenye namba ya mashine. Muuzaji wa kweli hakasiriki ukifanya hivyo. Na ukikuta kibati kimeandikwa China usikimbilie kusema ni feki, kwa sababu hata Makita yenyewe ina kiwanda China.

Kuhusu majina, nakwambia ninavyoyajua.

Makita ni ya Japani. Ilianza Nagoya mwaka 1915 kwa kuuza na kukarabati mota, na mwaka 1958 ikaanza kuuza randa ya umeme ya mkononi. Yaani randa ndiyo kazi yao ya zamani, na mimi nikiambiwa nibaki na mashine moja tu karakanani nitabaki na randa yao ndogo ya upana wa milimita 82. Hii niliyonayo sasa nimeibadilisha kaboni mara nne na beringi mara moja, na visu vyake nanunua hapahapa mjini. Kuna toleo lao la bei nafuu lenye herufi MT. Si baya, ila jua unanunua lipi, usilipie la juu ukapewa lile.

Bosch ya Ujerumani lazima uisome kwa rangi. Ya bluu imetengenezwa kwa ajili ya fundi, ya kijani kwa ajili ya mtu wa nyumbani anayetundika picha ukutani. Jina ni lilelile, kazi ni mbili tofauti. Ukiuziwa ya kijani ukaranda nayo mkurungu kutwa nzima, usiilaumu kampuni. Kwenye kutoboa zege, Bosch ya bluu naipenda kuliko zote. Hawa walitoa drili yao ya nyundo mwaka 1932.

DeWalt ni Wamarekani, walianza na misumeno Pennsylvania mwaka 1924, leo wako chini ya Stanley Black & Decker. Chombo kizuri sana. Lakini rudi kwenye swali la kaboni: hapa Tabora za DeWalt nimekuwa nikiagiza Dar. Kasulu ulizia mwenyewe, huenda kwenu ni tofauti. Na kama una Hitachi ya zamani ya kijani uliyorithi, usiitupe. Mashine zile tangu 2018 zinauzwa kwa jina la HiKOKI, kwa hiyo ukitafuta spea taja majina yote mawili.

Ingco na Total ni za China, na watu wengi humu wanazidharau bila haki. Zimetengenezwa kwa bei, ni kweli, ila spea zake hapa kwetu zipo hadi kwenye maduka ya misumari na rangi. Drili yangu ya Ingco ina mwaka wa sita, inatoboa matundu ya bawaba na komeo, na haijanidai zaidi ya kaboni. Ukinunua Total angalia vizuri, rangi yake inakaribiana na ya Makita na haraka haraka mtu anaweza kukuchanganyia. Soma jina.

Kwa hiyo mimi nauliza mashine ipi inanguruma kutwa na ipi inaguswa dakika tano. Kwa seremala wa kwetu randa na msumeno ndivyo vinavyonguruma. Mkurungu ni mgumu, mota haipumziki. Hapo weka fedha. Drili na grenda nunua za bei nafuu zenye spea karibu. Ruta iko katikati: itazame kwenye kile kibano kinachoshika kisu, kiwe kimechongwa vizuri, na ujue kuwa nusu inchi na milimita 12 si kitu kimoja. Kisu cha milimita 12 kwenye kibano cha nusu inchi kitashika kwa kudanganya, na ruta inazunguka zaidi ya mara 20,000 kwa dakika. Kikichomoka, kitakukuta uliposimama.

Na grenda, mdogo wangu, naomba unisikilize. Usifunge bledi ya meno ya kukatia mbao kwenye grenda, na usivue kinga yake. Najua kila karakana wanafanya. Rafiki yangu tuliyejifunza naye kazi alifanya hivyo akikata ubao wa kitanda, meno yakang'ata fundo, mashine ikaruka, akapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Bado anafanya kazi, lakini patasi haishiki tena kama zamani. Grenda haikutengenezwa kwa meno. Msumeno wa mviringo upo kwa ajili hiyo.

Umeme sasa, maana mashine nyingi zinazolaumiwa zimeuawa na umeme. Mashine zetu zimeandikwa volti 220 hadi 240. Nunua mita ya kupimia, ni rahisi, upime kwenye soketi ya karakana asubuhi, mchana, na saa moja usiku watu wanapowasha kila kitu. Mimi karakana yangu ya kwanza ilikuwa mwisho wa laini, mbali na transfoma, na jioni nilikuwa napata 178. Umeme ukishuka hivyo mota inapungua kasi, wewe unaikandamiza ili ikate, feni ya kuipoza imefungwa kwenye mhimili uleule kwa hiyo nayo imepunguza kasi, na nyaya zinapikwa. Nilikuwa nalaumu mashine, kumbe ni jioni yangu. Nikahamishia kazi nzito asubuhi.

Ekstensheni nayo ni mwizi. Mita 30 za waya wa 0.75 zikilisha msumeno unaovuta ampia 8 zinakula takriban volti 11 njiani. Waya wa 2.5 wa urefu huohuo unakula volti 3 na kidogo tu. Nunua ule mnene hata kama bei inauma, na uukunjue wote unapofanya kazi. Ukiuacha umeviringwa unapata joto hadi plastiki inalainika.

Mtumba nao una mtego. Mashine za Uingereza zenye plagi ya njano ya mduara ni za volti 110, za Marekani ni 120, za Japani ni 100. Kijana wa jirani alipewa msumeno wa Japani na mjomba wake, akaukata plagi, akafunga yetu, akachomeka. Ulilia kama king'ora, sekunde chache tu, kisha kimya na moshi. Soma kibati kabla ya kuchomeka chochote, au nunua transfoma yake.

Za betri unazotamani ziache kwanza. Ile 18V na ile 20V usidanganyike kuwa ni tofauti, zote zina seli tano zilizofuatana: zikijaa pomoni zinafika 21, zikiwa kazini ni 18. DeWalt huiita 20V MAX Marekani na 18V Ulaya. Betri ya 18V ya ampia-saa 5 ina wati-saa 90. Msumeno wa wati 1,200 kwa hesabu ya karatasini unaimaliza kwa dakika nne na nusu. Kwa kutwa nzima karakanani haitoshi. Drili ya betri inafaa ukienda kufunga milango Buhigwe au Kibondo mahali pasipo na umeme, na siku ukiinunua chagua ukoo mmoja ubaki nao, maana mara nyingi betri ya jina hili haiingii kwenye mashine ya jina lile.

Ningekuwa wewe, na hiyo milioni mbili na nusu: randa ya Makita na msumeno wa Makita au Bosch ya bluu, vyote kutoka duka linalokupa risiti. Msumeno uufunge bledi nzuri yenye ncha za kabaidi, meno 40 kwa kumalizia, nyingine ya 24 kwa kupasua. Bledi butu inachosha mota kuliko mbao ngumu. Drili na grenda, Ingco au Total, ile ambayo muuzaji wa Kasulu amekuonyesha kaboni zake. Ruta subiri hadi kazi ya tatu au ya nne ikulipe. Kaboni jozi mbili za kila mashine, visu vya randa jozi moja ya akiba, mita ya umeme, ekstensheni ya 2.5. Na barakoa nzuri, si kitambaa. Unga wa mninga unawasha pua na kifua, mimi miaka ya mwanzo nilikuwa nakohoa hadi usiku nikidhani ni baridi ya Juni.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima umeme wa hapo ulipopanga kwa siku tatu, saa moja usiku. Ukipata chini ya 200 nitumie namba hizo hapahapa. Tutaangalia kwanza kama ni waya wa nyumba au ni laini, maana inawezekana chumba cha pili kwa hatua ishirini kikawa na umeme mzuri zaidi, na kodi ileile.