Mchezo wa mwanasesere wa Krismasi usiwe mzigo kwa mzazi

Dada uliyeuliza namna ya kuendelea na mchezo wa mwanasesere anayehama usiku bila wewe mwenyewe kuchoka kabla Krismasi haijafika, nakujibu kwa yale tuliyoyazoea nyumbani kwetu, kwa kuwa watoto wetu wanaupenda mchezo huu na sisi wazazi tunaupenda vilevile. Kwa asiyeufahamu, mzazi humhamisha mwanasesere mmoja kila usiku watoto wakishalala, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mkesha wa Krismasi, na kila asubuhi watoto humsaka mpaka wamwone.

Furaha ya mtoto imo katika kusaka. Kinachomchosha mzazi ni mapambo yanayoongezwa juu ya kusaka huko: leo mwanasesere amemwaga unga mezani, kesho anavua samaki kwenye sinki, keshokutwa amejijengea hema la karatasi, na kila usiku hudai jambo kubwa kuliko la jana. Mtoto huyatazama hayo kwa muda mfupi tu, kisha unga unabaki kwako ukifuta. Sisi tuliamua tangu mwanzo kwamba mwanasesere wetu atahama tu, basi, na watoto hawajawahi kudai zaidi kwa sababu hawakuzoeshwa zaidi. Kama wako wamekwisha kuzoea vituko, waambie kabla Desemba haijaanza kwamba mwaka huu atakuwa hodari wa kujificha. Watoto huyapokea mabadiliko ya aina hiyo vizuri yakitangazwa mapema kuliko yakitokea katikati.

Kuhusu kusahau, ambako umesema kunakukosesha usingizi, liweke jambo hilo ndani ya kanuni za mchezo siku ya kwanza kabisa: mwanasesere huhama anapopenda, na akipapenda mahali anaweza kukaa hapo usiku wa pili. Asubuhi mtakayomkuta palepale itakuwa sehemu ya mchezo, na hutalazimika kubuni uongo huku umeshika mswaki. Hata hivyo ni vyema kuifungamanisha kazi hiyo na jambo unalolifanya kila usiku bila kufikiri, kama vile kufunga mlango. Mahali pa kumficha napo papangwe mapema, pengine kumi hivi pa kuzungukia, kwa maana kinachochosha zaidi ni kusimama sebuleni usiku wa manane ukijiuliza umweke wapi.

Wala hulazimiki kuanza tarehe 1. Majilio yenyewe, yaani kipindi cha Wakristo cha kujiandaa kwa Krismasi, ambacho huanza Jumapili ya nne kabla ya sikukuu hiyo, hubadilika urefu kila mwaka, kati ya siku 22 na 28. Kwa hiyo familia inayoanza wiki moja tu kabla ya sikukuu haijaharibu chochote, na kwa watoto wadogo sana wiki moja inatosha kabisa.

Jambo moja nalipinga kwa moyo wote, nalo ni kumfanya mwanasesere kuwa mpelelezi anayepeleka habari za watoto watukutu. Mzazi akishaanza vitisho hivyo hana budi kuvitekeleza au kuonekana mwongo, na mchezo uliokusudiwa kuchekesha unageuka mahakama ndogo ya kila asubuhi.

Kama mnapenda kitu kilicho karibu zaidi na maana ya sikukuu, lipo pango la Noeli, yaani sanamu zinazoonyesha kuzaliwa kwa Yesu, desturi inayohusishwa na Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliyeandaa tukio la Betlehemu kule Greccio, Italia, mwaka 1223. Familia nyingi huwaweka Mamajusi, wale wageni waliomletea mtoto Yesu zawadi, katika chumba cha mbali na kuwasogeza hatua kidogo kila siku, mpaka wafike pangoni tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania. Mchezo huu hauhitaji usiri wa usiku, kwani watoto wenyewe ndio wanaowasogeza, mmoja leo, mwenzake kesho. Hata sanamu zikiwa mbili tu haidhuru, maana Injili ya Mathayo hutaja dhahabu, uvumba na manemane lakini haitaji idadi ya Mamajusi.

Mtoto mkubwa anapogundua siri, msiusitishe mchezo kwa ajili yake. Mkabidhini kazi ya kuficha. Kwetu mkubwa ndiye anayemhamisha mwanasesere sasa, na anajua kujificha kunakowafaa wadogo zake kuliko sisi tunavyojua, kwa kuwa anakumbuka mwenyewe alivyokuwa akitafuta. Mpe masharti machache tu: asimweke karibu na jiko, mshumaa wala waya wa umeme, asimweke juu kiasi kwamba mdogo atapanda kiti kumfikia, na kama nyumbani kuna mtoto aliye chini ya miaka mitatu, mwanasesere asiwe na vifungo au vipande vidogo vinavyoweza kung'oka na kumezwa.