Kusahau mbele ya uzee: maswali yenu

*Munganga, nasahau kila siku pale naweka simu. Niko na miaka 31. Njo Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo wa kusahau?*

Hapana. Hii swali munaituma kila mara, munabadilisha tu kitu chenye kinapotea. Lala mapema, na simu iache inje ya chumba.

*Bwana yangu eko na 54, anauzisha vitambaa kule Kadutu. Tangu mwaka jana anakosea kurudisha chenji, ngazi anashuka kwa kupapasa. Munganga wa macho anasema macho ni mazima. Bashemeji banasema ni bulozi, banataka tumupeleke shambre ya maombi.*

Mama, asante kwa kuangalia vizuri. Alzheimer yenye inaanza mbele ya miaka 65, mara ingine haianzi na kusahau: inaanza na hesabu, na maneno yenye inakatala kutoka, ao na kuona, macho ni mazima lakini ubongo haijui tena ngazi iko wapi. Lakini usiite jina bado. Kwanza batafute vyenye vinaweza pona: damu ipimwe tiroide (tezi ya shingo), vitamini B12, VIH (virusi vya sida) na sifilisi, baulize pombe, usingizi na uzito wa roho, na ubebe dawa zote anakunywa, za usingizi na hata za mafua, juu kuko zenye zinafunga akili. Skaneri ao IRM (mashini za kupiga picha ya ndani ya kichwa) itaonyesha kama kuko uvimbe ao damu, lakini peke yake haitoshi, munganga wa ubongo atamuchoresha picha ya saa, atamurudilisha maneno. Hapa Bukavu unaweza anzia SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili. Na uingie naye, juu yeye atasema tu "mi niko muzima", wewe njo unajua siku gani alirudisha noti ya 10 000 pa fasi ya 1 000. Pa meza ya biashara mutu akae naye, bila kumupatisha haya. Kuomba muombe, lakini kufunga chakula hapana, na mutu asinyooshee bibi muzee wa nyumba kidole.

*Si ni ugonjwa wa bazungu bazee?*

Auguste Deter, mugonjwa mwenye munganga Alois Alzheimer (ugonjwa unabeba jina lake) alipokea Frankfurt mu 1901, alikuwa na miaka 51. Muzungu ndiyo, muzee hapana.

*Baba alikuwa nayo, na mimi itanipata?*

Si lazima. Kuko familia chache sana zenye jeni moja imeharibika (APP, PSEN1 ao PSEN2), pale mutoto eko na nafasi nusu kwa nusu. Kama baba, shangazi na babu bote ilibaanza na 40 ao 50, mwambie munganga. Kama ni baba peke yake, na na miaka 80, hiyo ni hadithi ingine.

*Ile vitamini ya ubongo banauzisha mu basi inasaidia?*

Nunua samaki sambaza pa fasi yake.